Fomula moja, madini mawili: shajara ya kipande cha fedha nyekundu

Jumamosi, 4 Januari 2025

Mpwa wangu amerudi likizo kutoka Ujerumani na safari hii, badala ya chokoleti, ameniletea kisanduku kinachokizidi kidogo kibiriti kwa ukubwa, na ndani yake kipande cha mwamba alichokinunua kwa muuza vitu vya kale. Kibandiko ni cha karatasi iliyobadilika rangi, nacho kina maneno mawili ya wino: Rotgültigerz, Freiberg. Neno la kwanza ni la wachimbaji wa Kijerumani na maana yake ni mbale nyekundu ya fedha, yaani mwamba ambamo fedha hutolewa. La pili ni mji wa Saxony ambako fedha iligunduliwa mwaka 1168 na ambako chuo cha madini kilianzishwa mwaka 1765.

Kipande chenyewe ni kalsaiti nyeupe yenye ukubwa wa kidole gumba. Upande mmoja imeota fuwele nyekundu iliyokolea, yenye ukubwa wa punje ya kunde, inayong'aa kwa namna ambayo kioo cha kawaida hakingʼai. Pembeni yake, karibu na ufa, nimehesabu kwa lenzi ya mkono magamba tisa membamba yenye rangi ya chungwa, mengine yakielekea kahawia, na hakuna hata moja linalofikia milimita moja. Kibandiko hakisemi lolote kuhusu magamba hayo, na kwa kweli ndiyo yaliyonifanya nifungue daftari hili.

Nia yangu ni kukiingiza kipande hiki katika kona ya sayansi ya skuli yetu, ambayo mpaka leo ina droo moja ya mawe, na mawe yote ni ya hapa hapa: tumbawe, chokaa mbichi, chokaa iliyochomwa, na kijiti cha kalsaiti kutoka kwenye dari ya pango. Hilo si kosa la aliyeyakusanya. Unguja imejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na mshipa wa fedha haupo kisiwani. Hata hivyo mwanafunzi wa Kidato cha Tatu anayejifunza habari za mbale kwa picha tu anastahili kuiona moja ya kweli, na kibandiko chake kiwe cha Kiswahili kinachojitosheleza.

Alhamisi, 9 Januari

Jioni mbili zimekwenda katika istilahi. Kwa rangi ambayo madini huacha yakisuguliwa kwenye kigae kisichong'arishwa, nimeamua kutumia «rangi ya unga», kwa kuwa kinachohukumiwa hapo ni unga, wala si mstari. Kwa jamii nzima ya madini haya nitaandika salfosolti, pamoja na maelezo kwamba ni madini ambamo metali kama fedha, shaba au risasi imeungana na salfa pamoja na nusumetali, aghalabu aseniki au antimoni. Yeyote ambaye bangili yake ya fedha imewahi kuwa nyeusi anaijua nusu ya habari hii, kwa sababu weusi ule ni salfaidi ya fedha, yenye viambato vilevile vya madini yaitwayo akanthaiti. Fedha na salfa hutafutana. Katika salfosolti kinachoongezeka ni mshirika wa tatu.

Wanaoweza kuitwa fedha nyekundu ni wawili wakubwa. Prustaiti ina atomu tatu za fedha, moja ya aseniki na tatu za salfa, yaani Ag₃AsS₃, na kwa uzito fedha ni asilimia 65.4. Pairajiraiti ina mpangilio huohuo wa hesabu, isipokuwa antimoni imechukua nafasi ya aseniki, Ag₃SbS₃, na fedha yake inashuka hadi asilimia 59.8. Mkemia wa Kifaransa Joseph Louis Proust (1754–1826) ndiye aliyebainisha kwamba wekundu hao ni wa aina mbili, na mwaka 1832 Beudant, mtaalamu wa madini wa Kifaransa, akaipa ile ya aseniki jina la Proust. Proust huyo ndiye wa kanuni tunayoifundisha kila mwaka: kwamba kampaundi moja huwa na elementi zake kwa uwiano usiobadilika, popote itokapo.

Wa tatu ni mdogo na adimu. Mwaka 1840 August Breithaupt, aliyekuwa akifundisha Freiberg, alieleza madini kutoka mgodi wa Himmelsfürst, jirani na mji huo, akayaita kwa maneno ya Kigiriki yenye maana ya manjano na vumbi. Kwa matamshi yetu ni zanthokonaiti. Fomula yake ni Ag₃AsS₃. Nimeiangalia mara tatu kwa kudhani nimenakili vibaya mstari wa prustaiti, lakini ndivyo ilivyo.

(Mgodi huohuo wa Himmelsfürst ulitoa pia salfaidi ya fedha ambamo Clemens Winkler aligundua elementi ya jemaniamu mwaka 1886. Haihusiani na kazi yetu, ila sikuweza kuiacha.)

Jumamosi, 18 Januari

Kikwazo cha kwanza ni mwanga. Prustaiti ikiachwa mahali peupe hufifia na kuwa nyeusi, kwa kuwa mwanga huiharibu juu ya uso wake, na wekundu uliowafanya watu waithamini huanza kupotea chini ya taa ileile inayowawezesha kuutazama. Ndiyo maana wakusanyaji huziweka fuwele hizi gizani na kuzitoa kwa dakika chache. Kabati la kioo ambalo mwalimu mkuu aliniahidi kwa furaha, lililo mbele ya dirisha, halitufai kabisa, na imenibidi nimweleze kwa adabu kwamba zawadi yake itabaki kwa matumbawe.

Badala yake nimemwomba fundi seremala atutengenezee kisanduku cha mninga chenye mfuniko mzito, kilichotandikwa kitambaa cheusi, chenye tundu la kuchungulia lililozibwa kwa kigae kidogo cha kusukuma. Anayetaka kuona atasukuma, atatazama, na kigae kitarudi chenyewe kwa mpira.

Hasara ya leo: niliacha panka likizunguka wakati nimefunua kisanduku, na gamba moja likaruka. Nimetambaa sakafuni na tochi kwa saa nzima bila ya kuliona. Yamebaki manane.

Jumapili, 26 Januari

Ili kupima densiti inabidi kipande kiwe cha madini peke yake. Nilipopima kipande kizima kwa majaribio nilipata 2.9, tarakimu isiyosema chochote, kwa maana kalsaiti, ambayo densiti yake ni 2.71, imeifunika nyingine zote. Kuvunja kwa nyundo sikuthubutu. Ugumu wa prustaiti ni 2 hadi 2.5, yaani karibu na wa ukucha, na ni kitu kinachovunjika kama sukari guru.

Njia niliyoichagua ni ya jikoni. Siki huila kalsaiti kama inavyolila jiwe la tumbawe, hutoa povu la kaboni dioksaidi na kuyeyusha chokaa taratibu, ilhali salfosolti haiguswi nayo kwa kiasi cha kutia wasiwasi. Nimeifunga sehemu yenye magamba kwa nta ya mshumaa ili isilowe, nikaizamisha kona ya upande wa pili, ambako ipo punje nyingine nyekundu iliyozikwa nusu, katika bilauri ya siki nyeupe ndani ya kabati lenye giza. Siki nabadilisha kila siku baada ya sala ya alfajiri. Bilauri hiyo haitarudi jikoni tena, na nimeiandikia kwa rangi nyekundu, kwa kuwa ndani ya fuwele hizi aseniki ni zaidi ya asilimia 15 na hakuna sababu ya kuichukulia kimzaha.

Siku ya sita punje ikajitenga, safi, ikaanguka chini ya bilauri. Nimeikosha kwa maji yaliyochemshwa na kuikausha gizani.

Jumamosi, 8 Februari

Mizani yetu ya skuli husoma sehemu ya kumi ya gramu, haitufai. Mizani nzuri za karibu ni za masonara, nikaenda Mji Mkongwe kwa mzee mmoja aliyeitengeneza pete ya ndoa ya mama yangu. Mizani yake husoma sehemu ya elfu ya gramu.

Mzee aliigeuza punje juu ya kiganja, akaipeleka mlangoni kwenye mwanga (nikamwomba airudishe kivulini), kisha akasema, «Mwanangu, ichome tujue. Kama ni fedha itabaki kitone.» Ushauri wake si wa kubeza. Wachunguzi wa madini wa zamani walifanya hivyohivyo juu ya mkaa: mvuke hunukia kitunguu saumu, dalili ya aseniki, na mwishoni hubaki kitone cha fedha. Nikamwambia, «Mzee, huo mvuke ndio sumu yenyewe.» Akairudisha punje mezani kwa upole mkubwa zaidi kuliko alivyoichukua.

Tulipima hivi. Punje hewani ilikuwa gramu 0.418. Kisha tuliweka kikombe cha maji juu ya mizani, tukaisawazisha kwenye sifuri, na kuining'iniza punje ndani ya maji kwa uzi mwembamba wa nailoni bila ya kugusa chini, kwa sababu mizani hapo husoma uzito wa maji yaliyosukumwa. Mara ya kwanza ilisoma 0.081, ambayo ingetupa densiti ya 5.16, tarakimu isiyo ya yeyote kati ya watatu wetu. Mzee ndiye aliyekiona kiputo cha hewa kilichoganda ubavuni. Tone moja la sabuni ndani ya maji likakiondoa, na usomaji ukatua kwenye 0.075 mara tatu mfululizo. Gramu 0.418 kugawa kwa 0.075 ni 5.57.

Pairajiraiti huwa kwenye 5.8 na zaidi kidogo. Hata tukikubali kosa la tarakimu moja ya mwisho kwenye mizani, matokeo yetu hukaa kati ya 5.50 na 5.65, kwa hiyo antimoni tumeiaga. Prustaiti huandikwa 5.57, na zanthokonaiti 5.54. Mizani ya mzee, pamoja na uzuri wake, haiwezi kutenganisha hizo mbili, na wala haishangazi, kwani tofauti hiyo ni ndogo kuliko kiputo.

Nilipomweleza hayo, alikataa. «Ukiniletea mkufu na bangili, zote fedha ya namna moja, mimi nazipima na kuzinunua kama fedha. Kama vilivyomo ni vilevile kwa hesabu ileile, hayo si madini mawili. Ni kitu kimoja kilichovaa nguo tofauti.» Sikuwa na jibu zuri pale dukani, nikamwachia hoja yake, naye akaniachia chai ya tangawizi.

Tulipiga hesabu nyingine kwa ajili ya kujifurahisha. Reale ya Maria Theresa, ile yenye mwaka 1780 juu yake hata kama ilipigwa miaka mingi baadaye, ina uzito wa gramu 28.07, na fedha yake halisi ni gramu 23.4 hivi. Ili kuipata fedha hiyo kwenye prustaiti safi ingehitajika kama gramu 36. Punje yetu ina robo gramu na ushei. Mzee alicheka, akasema haitoshi hata kichwa cha pete. Mimi nikamweleza kwamba jina taler, ambalo sarafu hiyo huitwa kwa Kijerumani, lilitokana na Joachimsthal, mji wa wachimba fedha ambao leo ni Jáchymov katika Cheki, na kwamba migodi ya mji huohuo imo katika orodha fupi ya mahali ambapo zanthokonaiti imeonekana.

Orodha hiyo naiandika hapa isije ikapotea: Himmelsfürst na migodi mingine ya Freiberg, Jáchymov, Sainte-Marie-aux-Mines katika Ufaransa, Chañarcillo katika Chile, Cobalt katika Ontario ya Kanada, na Atlanta ya jimbo la Idaho, Marekani. Kila mahali hadithi hufanana. Maji moto yenye metali hupanda katika nyufa za mwamba, hupoa, na kuacha kwanza salfaidi za kawaida za risasi na zinki, kisha, katika hatua za mwisho ambapo joto limeshuka, fedha huungana na aseniki au antimoni katika mapengo yaliyobaki. Zanthokonaiti ni ya joto la chini hata ndani ya hatua hizo, na kwa kawaida huonekana kama hapa kwetu, magamba machache yaliyoegemea prustaiti, karibu na kalsaiti.

Jumamosi, 22 Februari

Leo ni siku ya unga, na wanafunzi sita walikuja skuli ingawa ni Jumamosi. Kigae cha kupimia ni kigae cha bafuni kilichogeuzwa nyuma. Punje nyekundu ilipopitishwa juu yake mara moja iliacha mstari mwekundu mkali, na mmoja wa wasichana, ambaye babake ana shamba la viungo, akasema papo hapo, «Zingifuri.» Kweli, ni wekundu wa mbegu za mzingifuri zilizosuguliwa kidoleni, labda umekaza zaidi. Pairajiraiti ingeacha wekundu wenye zambarau, kwa hiyo unga na densiti vimekubaliana: fuwele kubwa ni prustaiti.

Gamba ni shughuli nyingine. Ukilisugua kigaeni limekwisha. Tulilichukua moja kwa ncha ya unyoya uliolowa, tukalilaza kati ya vioo viwili vya hadubini, na kabla ya kulisaga tukalipitishia mwanga wa tochi kutoka chini. Lililokuwa na rangi ya chungwa iliyofifia liligeuka manjano ya ndimu mbivu. Tulipobana vioo lilikatika ghafla kwa sauti ndogo sana, halikupinda, na unga wake ulikuwa manjano iliyoelekea chungwa, kama bizari iliyochanganywa na zingifuri kidogo mno. Kando ya unga wa prustaiti hakuna aliyeweza kusema ni rangi moja. Yamebaki saba.

Hapo ndipo nilipoikumbuka hoja ya mzee, nikaiweka mbele ya darasa kama alivyoisema. Kulikuwa na ukimya. Kisha nikafungua droo ya mawe. Tumbawe lililo hai hujenga mifupa yake kwa aragonaiti, ambayo ni kalsiamu kaboneti. Kijiti cha pangoni ni kalsaiti, nayo ni kalsiamu kaboneti. Siki huzila zote mbili na povu ni lilelile, lakini aragonaiti ni ngumu na nzito zaidi, densiti yake ikiwa 2.9 na ushei, na umbo la fuwele yake ni jingine kabisa. Kwa miaka mingi ya kulala ardhini aragonaiti ya matumbawe hugeuka kalsaiti bila ya kuongezwa wala kupunguzwa elementi. Mkufu na bangili hutofautiana kwa umbo alilotoa fundi kwa mkono, na ukiukata mkufu vipande elfu kila kipande bado ni fedha ya bangili. Hapa tofauti inaanzia chini, kwenye namna atomu zilivyopangwa, na ukisaga mpaka unga bado ipo. Unga ndio ulioionyesha.

Katika prustaiti na zanthokonaiti vyote viwili, aseniki imekaa juu ya salfa tatu kama piramidi fupi, na fedha hushikilia piramidi hizo pamoja. Mpangilio wa prustaiti una ulinganifu wa kuzunguka mara tatu, ndiyo sababu fuwele zake huwa na pande sita. Wa zanthokonaiti una ulinganifu wa chini zaidi, na fuwele hutoka kama vibao vyembamba vinavyopasuka kwa kufuata bapa lake. Kanuni ya Proust haijavunjwa. Ilikuwa inajibu swali la kilichomo, na sisi tulikuwa tunauliza kimekaaje.

Mwanafunzi mmoja aliniuliza kwa nini magamba yasiwe salfaidi ya aseniki tupu, yaani opimenti au rialga, kwa kuwa nazo ni za manjano na chungwa. Ni swali ambalo nilipaswa kujiuliza mimi kwanza. Opimenti, ya manjano, hupinda kama karatasi ya nta, na gamba letu lilikatika, hivyo hiyo tumeiondoa. Rialga ni ngumu kuiondoa, kwa kuwa huvunjika pia na unga wake ni wa chungwa. Lakini rialga ina udhaifu wake: ikikaa kwenye mwanga humomonyoka na kuwa unga wa manjano. Nimeweka gamba moja kati ya vioo viwili, nimeziba kingo kwa nta na kuliegemeza kwenye dirisha. Ramadhani inakuja, kazi nyingine zote zitasimama.

Jumamosi, 12 Aprili

Wiki saba dirishani, na jua la mchana likipiga kioo. Gamba ni zima, kingo zake zimekaa, hakuna unga. Rialga nimeiweka mbali, ingawa sijaitoa nje ya mlango. Jibu la mwisho lingetolewa na mashine ya miale ya eksi inayosoma mpangilio wa atomu moja kwa moja, na mpwa wangu ameahidi kubeba gamba moja akirudi Ujerumani.

Kisanduku cha mninga kimekamilika, na mpira wa kigae unarudi kwa nguvu kiasi cha kubana vidole, jambo ambalo wanafunzi wanalifurahia. Kibandiko nimekiandika hivi: «Prustaiti, Ag₃AsS₃, juu ya kalsaiti. Magamba ya rangi ya chungwa yanadhaniwa kuwa zanthokonaiti, yenye fomula hiyohiyo. Freiberg, Saxony. Msigusie mkono, ina aseniki. Fungeni baada ya kutazama.» Neno «yanadhaniwa» nimelipigia mstari kwa penseli, ili likifutika isionekane kovu.

Mzee sonara alikuja kuona. Alisukuma kigae mara mbili, akachungulia muda mrefu kuliko niliokusudia, na akauliza kama magamba yale yangeweza kufika kichwa cha pete. Nikamwambia yamebaki saba, moja likiwa dirishani na moja likisubiri safari.